Mvua Ina Thamani Gani? Historia ya Kukadiria Faida ya Taarifa za Tabianchi Afrika Mashariki, 1910–2012

Ikisiri

Kila mwaka serikali za ukanda wetu huombwa kugharimia vituo vya hali ya hewa, na kila mwaka maofisa wa hazina huuliza faida yake ni kiasi gani kwa fedha. Makala haya yanafuatilia baadhi ya majibu yaliyowahi kutolewa, kuanzia mashamba ya miwa ya Mauritius mwaka 1910, kupitia Mpango wa Karanga wa Kongwa na kupanda kwa Ziwa Viktoria, hadi modeli za miaka ya karibuni. Hoja yetu ni kwamba modeli nyingi hupima utabiri peke yake, na huacha nje kumbukumbu ndefu za mvua pamoja na uwezo wa mpokeaji wa kutenda, mambo ambayo historia ya ukanda huu inayaonesha waziwazi.

Utangulizi

Mwaka 2012 mchumi Stéphane Hallegatte, katika andiko lililotolewa na Benki ya Dunia, alikadiria kwamba nchi zinazoendelea zikiboresha huduma zao za hali ya hewa na tahadhari za mapema zingeweza kupata faida ya kati ya dola bilioni 4 na bilioni 36 kwa mwaka, kwa gharama ya takribani dola bilioni moja. Uwiano wa faida na gharama ukawa kati ya 4 na 36. Tangu hapo tarakimu hizo zimesafiri mbali. Nimeziona zikinakiliwa katika maombi ya bajeti bila maelezo ya zilikotoka, na mara nyingine ile 36 ikibaki peke yake, mwenzake wa 4 akiwa ameachwa njiani.

Mwandishi mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wanaomnukuu. Alianza na makadirio ya hasara zinazoepukwa barani Ulaya, akayahamishia katika nchi nyingine kwa kuzingatia kiwango cha mapato na ubora unaodhaniwa wa huduma zilizopo. Hiyo ni njia halali pale ambapo hakuna takwimu nyingine, na upana wa jibu lake ni ungamo la wazi kwamba mambo mengi hayajulikani. Lakini mtu anayesoma jedwali lile akiwa Kampala, Kigali au Dodoma ana haki ya kuuliza: je, historia yetu wenyewe haina ushahidi wowote wa thamani ya taarifa hizi, hata tuazime wa Ulaya?

Ushahidi upo, tena wa zamani.

Miwa, vimbunga na Albert Walter

Mwaka 1910 Albert Walter, aliyekuwa katika Kituo cha Royal Alfred nchini Mauritius, alichapisha kitabu kuhusu tasnia ya sukari ya kisiwa hicho. Alilinganisha vipimo vya hali ya hewa na mavuno ya miwa kwa mbinu za uhusiano wa kitakwimu, ambazo wakati huo zilikuwa bado changa. Hakuishia hapo. Ndani ya kitabu hicho aliweka pendekezo la bima ya mazao dhidi ya uharibifu wa vimbunga. Kwa lugha ya leo tungesema alijenga modeli ya kiuchumi ya taarifa za tabianchi: alichukua mfululizo wa kumbukumbu, akautafsiri kuwa mavuno yanayotarajiwa, kisha akaugeuza kuwa bei ya hatari.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Walter hakutabiri kimbunga chochote. Bima haihitaji kujua kimbunga kitakuja mwaka gani. Inahitaji kujua vimekuja mara ngapi, na kila kimoja kilichukua kiasi gani cha mavuno. Thamani aliyoipima ilikuwa ya kumbukumbu. Mauritius ilikuja kuwa na mfuko wa bima ya sukari mwaka 1946, na ni vigumu kufikiria mfuko wa namna hiyo bila utamaduni wa kupima na kuhifadhi vipimo uliokuwapo kisiwani tangu karne ya 19.

Mwaka 1929 Walter huyohuyo akaletwa Nairobi kuongoza Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mtu angetarajia mkulima awe mteja wake wa kwanza. Haikuwa hivyo. Miaka ya mwanzo ya 1930 ndiyo iliyoleta ndege za Imperial Airways katika njia ya kutoka Misri hadi Cape, na rubani alihitaji taarifa ya upepo na mawingu ya siku hiyohiyo. Mahitaji ya anga yakaamua vituo viwekwe wapi na vipime nini. Kipimamvua cha misheni au cha shamba la walowezi kiliendelea kusomwa, mara nyingi na watu wa kujitolea, lakini uchumi wa mvua uliomsumbua Walter kule Mauritius haukupata mrithi wa haraka huku bara.

Kongwa

Gharama ya pengo hilo ilijitokeza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka eneo hili kwa takribani wiki tisa na kurudi na mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika sehemu ya kumi ya lengo hilo. Januari 1951 mpango ukatangazwa kuwa umekufa, na takribani pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu.

Sababu za anguko hilo ni nyingi na zimeandikwa sana: trekta chakavu, mizizi ya miti, reli na bandari zisizotosha, haraka ya kisiasa. Udongo wa Kongwa nao, wenye mfinyanzi, uligeuka mgumu kama tofali kiangazi kilipoingia, karanga zikabaki ardhini. Lakini chini ya hayo yote kulikuwa na mvua. Kumbukumbu zilizokuwapo kwa eneo lile zilikuwa chache na za muda mfupi, na wapangaji walifanya hesabu kwa wastani. Zao la karanga halinyweshwi na wastani. Linahitaji mvua katika wiki fulani za kuota na za kutoa maua, na Ugogo ni nchi ambayo wiki hizo huweza kupita kavu hata katika mwaka ambao jumla yake inaonekana nzuri kwenye karatasi. Mvua za msimu wa 1948/49 zilikuwa haba, na mavuno yakawa haba vilevile.

Wenyeji walilijua hilo bila kipimamvua. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilikuwa bado katika kumbukumbu za watu wazima waliotazama matrekta yakipita. Ufugaji wao, kutawanya mifugo kwa ndugu na marafiki wa mbali, na kupanda mtama na uwele badala ya mazao yanayotaka maji mengi, yote yalikuwa maarifa ya tabianchi yaliyohifadhiwa katika desturi badala ya daftari. Ujumbe wa wiki tisa haukuwa na safu ya kuyaandikia.

Modeli ya thamani ya taarifa ingesema nini kuhusu Kongwa? Mwaka 1974 Kenneth Arrow na Anthony Fisher walionesha kwamba pale ambapo uamuzi haurudishiki nyuma, kusubiri hadi taarifa zaidi zipatikane kuna thamani yake yenyewe, ambayo hesabu ya kawaida ya faida na gharama huiacha nje. Kung'oa msitu ni uamuzi wa aina hiyo. Shamba la majaribio la ukubwa wa wastani, lililolimwa kwa misimu mitano au sita huku mvua ikipimwa kila siku, lingegharimu sehemu ndogo sana ya pauni milioni 36. Tofauti kati ya kiasi hicho kidogo na hasara iliyopatikana ni kadirio ghafi, lakini ni la kwetu, la thamani ya kumbukumbu za mvua mahali pamoja. Hakuna haja ya kuhamisha tarakimu kutoka Ulaya ili kulipata.

Ziwa lililobadilisha mawazo

Kisa cha pili kinahusu nchi tatu kwa pamoja. Kiwango cha maji ya Ziwa Viktoria kimepimwa tangu 1896. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na utoaji wa maji ukawekwa chini ya kanuni iliyojulikana kama Mkondo wa Makubaliano, ambayo ililazimisha maji yatoke kwa kadiri ambayo yangetoka kama bwawa lisingekuwapo. Kanuni hiyo ilitegemea viwango vilivyokuwa vimeonekana hadi wakati ule.

Kisha ikaja mvua ya mwishoni mwa 1961. Kati ya mwaka huo na 1964 ziwa lilipanda kwa takribani mita 2.5. Magati yalizama na vijiji vya ufukweni vikahama. Mkondo wenyewe ukalazimika kurefushwa, kwa sababu ziwa lilikuwa limefika mahali ambapo mstari wa awali haukufika. Mtiririko wa Nile kutoka Jinja ukawa karibu maradufu ya ule wa miaka 60 ya kwanza ya karne.

Hapa ndipo palipozaliwa swali lililokuja kuwa ghali: wastani upi ndio wa kweli? Mhandisi anayepanga mitambo ya umeme kwa kutumia miaka ya 1900 hadi 1960 atapata ziwa moja. Anayetumia miaka baada ya 1961 atapata ziwa jingine kabisa, ingawa ni lilelile. Upanuzi wa Owen Falls, uliopewa jina la Kiira na kuanza kazi mwanzoni mwa karne hii, ulipangwa katikati ya mabishano hayo. Ukame ulipokuja miaka ya 2004 hadi 2006, ziwa lilishuka hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa miongo mingi. Ukame peke yake hautoshi kueleza ushukaji huo, kwani maji yaliyotolewa yalizidi kipimo cha Mkondo. Uganda ikaingia katika mgawo mkali wa umeme na kukodi mitambo ya dizeli kwa bei kubwa.

Yeyote anayetaka kukadiria thamani ya mfululizo wa Jinja na aanzie hapo: gharama ya dizeli, viwanda vilivyosimama, saa za giza. Tena ahesabu pande zote mbili, kwa sababu kumbukumbu ile ndefu haikukosekana. Ilikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano ya namna ya kuisoma.

Gharama, hasara na mkulima

Wakati hayo yakitokea, wanatakwimu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakijenga modeli ambayo hadi leo ndiyo mzizi wa makadirio mengi. Msweden Anders Ångström aliigusa mwaka 1922, J. C. Thompson na G. W. Brier wakaipa umbo linalojulikana mwaka 1955. Wazo lake ni jepesi. Mtu anaweza kulipa gharama fulani ili kujikinga na hali mbaya ya hewa. Asipojikinga na hali hiyo ikaja, anapata hasara. Inampasa ajikinge pale tu uwezekano wa hali hiyo unapozidi gharama ikigawanywa kwa hasara.

Tuchukue wakulima wawili wa kubuni, na tuseme kwamba kila mmoja atapoteza mahindi ya shilingi 10,000 ikiwa mvua zitaangukia katika theluthi ya juu ya kumbukumbu. Wa kwanza anaweza kujikinga kwa shilingi 2,000. Kizingiti chake ni asilimia 20. Bila utabiri wowote uwezekano wa theluthi ya juu ni asilimia 33, basi yeye atajikinga kila msimu. Utabiri ukimwambia kwamba uwezekano umepanda hadi asilimia 45, hatabadilisha chochote, na kwake utabiri huo, hata ukiwa sahihi, hauna thamani hata ya senti. Wa pili hujikinga kwa shilingi 4,000, na kizingiti chake ni asilimia 40. Yeye bila utabiri hajikingi. Akipata ile asilimia 45 atajikinga, na kwa hesabu ya matarajio ataokoa shilingi 500. Taarifa ni ileile, kijiji ni kilekile, lakini thamani ni mbili. Kisha yupo wa tatu, ambaye modeli haimtaji: hana hizo 4,000. Kizingiti chake hakina maana, na faida yake ni sifuri hadi mtu amkopeshe.

Na anayekopesha naye husikiliza utabiri. Mwaka 1994 Mark Cane na wenzake walikuwa wameonesha jinsi joto la Bahari ya Pasifiki lilivyohusiana na mavuno ya mahindi ya Zimbabwe. El Niño ya 1997 ilipotangazwa, matarajio ya ukame mkubwa yalienea nchini humo. Mikopo ya kilimo ikabanwa na wakulima wengi wakapunguza eneo la kupanda. Ukame uliokuja haukufikia ukali uliohofiwa. Utabiri wa aina hiyo hutolewa kwa lugha ya uwezekano, na uwezekano haukuwa umevunjwa. Lakini mkulima aliyenyimwa mkopo alibeba hasara ambayo benki iliikwepa. Modeli inayojumlisha faida ya taifa zima inaweza kutoa jumla chanya huku ikificha uhamisho huo wa hatari kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge. Nadhani hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika makadirio tunayoletewa.

Upande wa pili wa bara mwaka huohuo ulifurika. Mafuriko ya 1997/98 Kenya na Somalia yalifuatiwa na mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, na utafiti uliofuata ulionesha kwamba milipuko ya Kenya tangu 1950 ilikuja nyuma ya mvua kubwa na ingeweza kutabiriwa miezi kadhaa kabla. Mwishoni mwa 2006 tahadhari ilitolewa kweli, kabla ya mgonjwa wa kwanza kugunduliwa Garissa mwezi Desemba. Chanjo ya mifugo ilianza kazi wakati ugonjwa umeshaingia. Utabiri ulikuwa mzuri. Ghala la chanjo na fedha za dharura havikuwa tayari kuusikiliza.

Neno "wastani"

Kwa kuwa kongamano hili ni la Kiswahili, inafaa kusema jambo kuhusu lugha ambayo taarifa hizi hufikia watu. Tangu Februari 1998, mlango wa majukwaa ya utabiri wa msimu wa Pembe ya Afrika ulipofunguliwa Nairobi, utabiri wetu hutolewa kwa mafungu matatu. Miaka iliyopita, mara nyingi 30, hupangwa kuanzia yenye mvua kidogo hadi yenye mvua nyingi, kisha hugawanywa mara tatu. Fungu la kati limepewa jina la "wastani".

Neno hilo lina kazi tatu katika Kiswahili, na kazi hizo hupigana. Mwanatakwimu hulitumia kwa jumla iliyogawanywa kwa idadi. Mtabiri hulitumia kwa fungu zima la kati, ambalo ni masafa na wala si namba moja. Msikilizaji wa redio hulielewa kama hali ya kuridhisha: anayesema maisha yake ni ya wastani anamaanisha kwamba yanatosha. Basi mkulima wa Kongwa akiambiwa atarajie mvua za wastani husikia mvua za kutosha, ilhali wastani wa Kongwa ndio uliowaangusha waliolima karanga pale. Ningependekeza mafungu hayo yaitwe kwa majina yake: fungu la chini, la kati na la juu, yakitajwa pamoja na milimita zinazohusika mahali hapo.

Kuna hasara nyingine iliyo kubwa zaidi. Taarifa ikifupishwa kuwa "mvua za wastani hadi juu ya wastani", asilimia hupotea njiani. Yule mkulima wa pili, ambaye uamuzi wake wote hutegemea kama uwezekano umevuka 40 au la, amenyang'anywa kitu pekee ambacho kingempa zile shilingi 500. Mtu anaweza kusema kwamba wananchi hawaelewi asilimia. Wacheza bahati nasibu na wabashiri wa mpira mitaani mwetu wanatoa ushahidi tofauti.

Miaka isiyo na kumbukumbu

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara ya pamoja ya hali ya hewa nayo iligawanyika, na kila nchi ikaanza upya na wataalamu na vituo ilivyobaki navyo. Miongo iliyofuata ilikuwa ya kupungua kwa vituo vinavyoripoti. Lakini pengo lililo wazi kuliko yote liko Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 mtandao wa vipimamvua ulisambaratika, na kwa takribani miaka 15 sehemu kubwa ya nchi haikuwa na vipimo vya ardhini vya kuaminika. Misimu ya itumba na umuhindo ilikuja na kwenda bila kuandikwa.

Pengo hilo lina bei inayoweza kukadiriwa. Bima ya mazao inayolipa kwa kufuata kipimo cha mvua, ya aina iliyojaribiwa Kenya tangu 2009 kwa jina la Kilimo Salama, hupangiwa ada kwa kutazama nyuma: mvua ilikosekana mara ngapi mahali hapa? Kumbukumbu zikiwa fupi au zenye matundu, kampuni ya bima huongeza ada ili kufidia isichokijua, na ongezeko hilo hulipwa na mkulima. Ni hesabu ileile ya Walter ya mwaka 1910, ikisomwa kinyume.

Makadirio ya setilaiti yamesaidia kuziba matundu, na kazi iliyofanywa Rwanda na Tanzania ya kuyaunganisha na vipimo vya vituo ni ya kupongezwa. Hata hivyo setilaiti huona mawingu, wala haioni maji yaliyomo ndani ya kipimamvua, na usahihi wake hurekebishwa kwa kutumia vituo vilivyo ardhini, ambako mtu huinama saa tatu kila asubuhi kusoma kiasi kilichonyesha tangu jana. Katika makadirio ya bajeti niliyowahi kuyapitia, rada na kompyuta huwekwa katika fungu la maendeleo, lenye wafadhili na picha za uzinduzi. Posho ya msomaji wa kipimamvua huwekwa katika matumizi ya kawaida, na ndiyo hukatwa kwanza.